Barua ya wazi: Hesabuni damu, si vidonge

Kwenu mnaosimamia afya ya mama na mtoto, lishe ya umma na viwango vya vyakula vinavyosindikwa,

YAH: CHUMA KINACHOGAWIWA NA CHUMA KINACHOFIKA DAMUNI

Waheshimiwa,

Mimi ni muuguzi mkunga. Daftari ninalolijaza kila siku ya kliniki lina safu ya vidonge vya kuongeza damu. Naandika 30, au 60, au 90, kisha namwita mama anayefuata. Mwisho wa mwezi najumlisha na kupeleka juu, na huko juu jumla yangu inaungana na za wenzangu mpaka inakuwa asilimia nzuri ya "waliofikiwa". Hakuna safu inayouliza kama vidonge vilimezwa. Hakuna inayouliza kama damu ilipanda.

Alikuja mama mmoja mwenye mimba ya miezi minane, miguu imevimba, midomo imepauka, amepanda ngazi tatu za mlangoni na kusimama kuvuta pumzi. Daftari lilionyesha amepewa vidonge mara tatu. Nilipomuuliza hakubisha. Alifungua mkoba akatoa pakiti zote, zimefungwa pamoja kwa mpira, mbili hazijaguswa. "Sista, vilinitapisha, halafu choo kikawa cheusi kama lami. Nikaogopa vitamdhuru mtoto." Himoglobini yake, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 7.4 kwa desilita. Kwenye takwimu zetu za mwezi ule, huyo ni mama aliyefikiwa.

Yule mama simlaumu. Aliyempa pakiti ya kwanza alikuwa na foleni ya watu arobaini, na kumwambia kwamba choo kingekuwa cheusi kungechukua nusu dakika ambayo hakuwa nayo. Weusi ule ni chuma ambacho utumbo haukukichukua, basi. Hauna madhara kwake wala kwa mtoto. Kichefuchefu, kiungulia na kufunga choo navyo vinatokana kwa sehemu kubwa na chuma hichohicho kilichobaki tumboni. Kidonge chenye miligramu 60 za chuma, hata mtu akikimeza vizuri, sehemu kubwa yake haivuki kuta za utumbo. Kwa hiyo ninapoandika 90 kwenye safu, naandika kiasi cha chuma kilichotoka kabatini. Kilichoingia mwilini ni hesabu nyingine kabisa, na hiyo ndiyo ninayoomba muanze kuifuatilia.

Niruhusuni nieleze kwa nini hesabu hizi mbili zinaachana sana.

Chuma chote kilicho ndani ya mwili wa mtu mzima ni gramu 3 hadi 4 hivi, kama msumari mmoja. Karibu theluthi mbili yake imo kwenye himoglobini, ile protini inayozipa seli za damu wekundu wake na kubeba oksijeni kutoka mapafuni. Kiasi kingine kimo kwenye misuli, na kingine kwenye vimeng'enya vinavyogeuza chakula kuwa nguvu ndani ya kila seli. Kilichobaki ni akiba, iliyohifadhiwa hasa kwenye ini ndani ya protini iitwayo feritini.

Mwili ni bahili wa chuma kupita mhasibu yeyote. Seli nyekundu huishi siku 120 hivi. Ikizeeka huvunjwa, hasa kwenye bandama na ini, na chuma chake hurudishwa kwenye uboho wa mifupa ili kutengeneza nyingine. Kila siku uboho unahitaji miligramu 20 hadi 25, na karibu zote ni hizo zinazozungushwa. Kutoka kwenye chakula tunaingiza miligramu 1 au 2 tu kwa siku, za kufidia kinachopotea kwa ngozi inayopukutika, kwa kuta za utumbo na kwa damu ya hedhi. Na tofauti na chumvi au maji, mwili hauna njia ya kutoa chuma kilichozidi. Figo hazikitoi. Udhibiti wote umewekwa mlangoni, kwenye utumbo mwembamba.

Bawabu wa mlango huo ni hepsidini, homoni inayotengenezwa na ini, ambayo sayansi iliitambua mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hepsidini ikipanda mlango hufungwa, na chuma hubaki utumboni mpaka kitoke na choo. Ikishuka mlango hufunguliwa. Hupanda akiba ikijaa, jambo linaloeleweka. Lakini hupanda pia mtu akiwa na maambukizi au uvimbe wowote mwilini, kwa sababu vijidudu vingi navyo vinahitaji chuma ili vizaliane, na mwili unaona heri ukifiche. Na hupanda kwa muda wa siku nzima hivi baada ya kumeza kidonge chenye chuma kingi.

Fikirini maana yake kwa mipango yenu. Mtu mwenye homa tunampa vidonge wakati mlango wake umefungwa. Mtu aliyemeza leo asubuhi, kidonge cha kesho kinakuta bawabu bado hajalegea. Watafiti wa Uswisi walilipima hili kwa wanawake wasio wajawazito waliokuwa na akiba ndogo ya chuma, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Kundi moja lilimeza vidonge 14 kwa siku 14 mfululizo, jingine vidonge 14 vilevile siku moja baada ya siku moja. Waliopumzika katikati walifyonza miligramu 175 hivi kwa jumla. Waliomeza mfululizo walifyonza 131. Idadi ni ileile, na kwenye daftari langu makundi yote mawili yangeandikwa 14. Sisemi mwongozo wa wajawazito ubadilishwe kwa utafiti mmoja wa wasio wajawazito. Kwao pendekezo la miligramu 30 hadi 60 kila siku pamoja na asidi ya foliki lingalipo, na mimi ndilo ninalolifuata. Ila mwanamke asiye mjamzito anayeniambia tumbo linamshinda, sasa namwambia aruke siku bila kujiona mkosefu.

Mimba nzima inadai takriban gramu moja ya chuma juu ya matumizi ya kawaida: kwa mtoto, kwa kondo la nyuma na kwa damu ya mama mwenyewe inayoongezeka. Gramu moja mtu aipate wapi ikiwa alianza mimba akiba imekauka?

Na mara nyingi ilikuwa imekauka, kwa sababu tunamkuta amechelewa. Hapa nitakaa kidogo.

Mililita moja ya damu hubeba karibu nusu miligramu ya chuma. Mwanamke anayepoteza mililita 80 kwa hedhi moja, ambacho ndicho kipimo cha kuiita hedhi nzito, anatoa miligramu 40. Kwa mwendo wa kuingiza miligramu moja kwa siku, mwezi mzima hautoshi kuzirudisha, na mwezi ukiisha anatoa nyingine. Ndiyo maana viwango vinavyotumika Marekani humpa mwanamume miligramu 8 za chuma kwenye chakula cha siku, na mwanamke wa miaka 19 hadi 50 miligramu 18. Amezidishiwa maradufu na zaidi, ilhali kwa kawaida sahani yake ni ndogo kuliko ya mwanamume.

Nimekutana na msichana wa kidato aliyeletwa kwa sababu ya "uvivu". Neno hilo lilikuwa kwenye barua ya mwalimu. Analala darasani, moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, kucha zimebonyea katikati kama kijiko, na mama yake analalamika kwamba anatafuna barafu mchana kutwa. Nilimuuliza siku za hedhi anabadilisha pedi mara ngapi. Alinitazama kwanza kuona kama nauliza kweli. "Kila saa, siku tatu za mwanzo. Si ndivyo kwa wote?" Alikuwa na miaka kumi na sita na hakuna mtu mzima aliyewahi kumuuliza swali hilo, mimi nikiwemo, ile ilikuwa mara yake ya tatu kwetu. Hakuna fomu yenu iliyonikumbusha kuuliza.

Himoglobini yake, mtanishangaa, ilikuwa 11.8. Kikomo cha chini kwa mwanamke asiye mjamzito ni 12. Kwa jicho la haraka huyo "damu yake si mbaya". Lakini himoglobini ndiyo ya mwisho kushuka. Mwili hukausha akiba kwanza, kisha huanza kubania misuli na vimeng'enya, na uboho ukikosa kabisa ndipo damu inapungua. Mtu anaweza kuchoka, kukosa umakini na kuhangaika miguu usiku kwa miezi mingi huku kipimo cha kidole kikimpa cheti cha uzima. Kipimo kinachoonyesha akiba ni feritini. Shirika la Afya Duniani linasema chini ya mikrogramu 15 kwa lita, kwa mtu mzima asiye na maambukizi, akiba imekwisha. Mwenye maambukizi kikomo hupandishwa hadi 70, maana feritini nayo hupanda mwili unapopambana na ugonjwa. Wangapi kati yenu mna kipimo hicho ndani ya kifurushi cha huduma za msingi? Sisemi apimwe kila mtu kila mwezi. Apimwe ambaye vidonge havimsaidii, na kila mnapofanya uchunguzi wa kitaifa sampuli za kutosha zipimwe ili mjue mnapambana na nini.

Maana si kila upungufu wa damu ni upungufu wa chuma. Lugha yetu inalijua jambo hili tangu zamani: tuna neno safura, ugonjwa wa minyoo inayong'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu, mgonjwa akapauka na kuvimba. Mwenye safura ukimpa chuma bila dawa ya minyoo unajaza mtungi uliotoboka. Kuna malaria inayopasua seli nyekundu. Kuna selimundu na magonjwa mengine ya kurithi ya himoglobini. Kuna upungufu wa foliki na vitamini B12. Wote hawa wanapewa kidonge kilekile, na wasipopona tunawaandikia kingine.

Kuna somo kutoka kisiwani Pemba ambalo halipaswi kusahauliwa na yeyote mwenye saini ya kununua vidonge. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2006, watoto wadogo wa huko waligawiwa chuma na asidi ya foliki kila siku, penye malaria nyingi, bila kupimwa kwanza nani anahitaji. Makundi yaliyopewa chuma yalisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu watoto waliopata chuma walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa asilimia 12, ya kufa au kuugua kiasi cha kulazwa. Waliohusika walikuwa watu makini na nia yao ilikuwa njema. Ndani ya jaribio hilohilo kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu, likipimwa na kutibiwa malaria mapema. Humo, watoto waliokuwa na upungufu wa chuma walinufaika nacho. Tangu hapo mwongozo wa kimataifa unataka chuma kwa watoto wa maeneo ya malaria kiende sambamba na kinga, upimaji na tiba ya malaria. Nauliza tu: kwenye ghala zenu, vidonge na vipimo vya malaria vinafika kituoni siku moja? Kwetu vinafika kwa magari tofauti, miezi tofauti.

Nikiwa hapo kwa watoto, kuna dakika moja ninayoidai. Mtoto akizaliwa, kitovu kikiachwa dakika 1 hadi 3 kabla ya kubanwa, damu iliyobaki kwenye kondo humrudia, na akiba yake ya chuma inakuwa bora kwa miezi kadhaa ya mwanzo wa maisha. Ni chuma kisichonunuliwa na hakitapishi mtu. Lakini nimefanya kazi chumba cha kujifungulia ambako mkasi unawahi kuliko kilio, kwa sababu kitanda cha pili kinaita na mkunga ni mmoja. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo. Mtoto anaishi kwa akiba aliyozaliwa nayo mpaka miezi sita hivi. Baada ya hapo, kwa viwango vilevile vya Marekani, mtoto wa miezi 7 hadi 12 anahitaji miligramu 11 kwa siku. Rudini juu mwangalie baba yake anahitaji ngapi.

Na ubongo haungoji. Huko Costa Rica, mtafiti Betsy Lozoff na wenzake waliwafuatilia kwa miaka mingi watoto waliokuwa na upungufu mkali na wa muda mrefu wa chuma wakiwa wachanga. Damu yao ilirekebishwa, lakini walipofika umri wa miaka 11 hadi 14 bado walikuwa nyuma ya wenzao katika masomo na baadhi ya vipimo vya akili, na walikuwa na matatizo zaidi ya kitabia. Ninapomkuta mtoto wa mwaka mmoja aliyepauka, huwa nawaza ni miezi mingapi imeshapita ambayo dawa yangu haitairudisha.

Kwa wenzetu wa viwango vya chakula nina neno fupi lakini zito. Sheria inayosema unga uongezwe chuma bila kusema chuma cha aina gani ina tundu kubwa. Kuna unga wa chuma halisi, zile chembe za metali unazoweza kuzivuta kwa sumaku. Ni rahisi, haubadilishi rangi wala ladha, viwanda vinaupenda, na mwili unaufyonza vibaya. Ukikutana na unga wa nafaka isiyokobolewa, wenye fiteti nyingi zinazokamata chuma, kinachobaki kwa mlaji ni kidogo mno. Kwa unga wa namna hiyo mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kiwanja kiitwacho NaFeEDTA, kinachokilinda chuma dhidi ya fiteti. Mkaguzi anayepima miligramu ngapi zimo kwenye kilo moja anafanya kosa lilelile la safu yangu ya daftari: anahesabu chuma kilichowekwa.

Mambo ya sahani mnayajua na mabango yenu yanayasema, sitayarudia yote. Chuma cha nyama, samaki na ini hufyonzwa vizuri zaidi. Cha mikunde, nafaka na mboga za majani kinahitaji msaada wa tunda au mboga yenye vitamini C katika mlo uleule. Kuloweka, kuotesha na kuchachusha nafaka hupunguza fiteti. Chai au kahawa isubiri saa moja au mbili baada ya mlo. Ila mabango hayo yaache kumwambia mwenye himoglobini ya 8 kwamba mboga za majani zitamponya. Hazitamponya, anahitaji dawa, na akishindwa dawa ya kumeza anahitaji chuma cha kwenye mshipa, ambacho vituo vingi havina.

Jingine: tunaacha tiba mapema. Dawa ikifanya kazi, himoglobini huanza kupanda ndani ya wiki mbili hadi nne, na mgonjwa akijisikia vizuri haonekani tena. Akiba haijajaa. Anahitaji miezi mitatu hivi zaidi baada ya damu kufika kiwango. Bila tarehe ya kurudi kupimwa, huyo tutamwona mwakani akiwa palepale. Na vidonge vilivyobaki nyumbani vifungwe mbali na watoto. Vimepakwa rangi na sukari kama pipi, na mtoto mdogo aliyemeza vingi anaweza kufa. Pakiti zenyewe ziwe ngumu kufunguka. Kazi hiyo ni ya anayeandika zabuni.

Mwaka 2012 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilikubaliana kupunguza kwa nusu upungufu wa damu kwa wanawake wa umri wa kuzaa ifikapo 2025. Mwaka huo umepita na lengo limesogezwa hadi 2030. Wakati wote huo kiwango cha dunia kimeganda karibu na wanawake 3 kati ya 10. Vidonge vimegawiwa kwa mabilioni. Siamini kwamba kasoro ni idadi yake.

Ninachoomba kinaanzia kwenye karatasi. Safu ya vidonge vilivyotolewa ibaki, lakini pembeni yake ziwekwe mbili: himoglobini ya leo na himoglobini ya ziara iliyopita. Taarifa ya mwezi ioneshe ni wangapi walipanda, na kituo kipimwe kwa hiyo. Mkifanya hivyo, nawahakikishia, vifaa vya kupimia damu vitaacha kukaa miezi bila vitendanishi, maana mtu wa juu atakuwa anavihitaji ili ripoti yake ikamilike. Mkunga atapata sababu ya kueleza habari ya choo cheusi. Na atakayeona damu haipandi atalazimika kuuliza kuhusu minyoo, hedhi, homa, au pakiti zilizofungwa kwa mpira.

Yule mama wa miezi minane tulimpeleka hospitali ya juu akapewa chuma kwenye mshipa, akajifungua salama. Kwenye daftari hakuna mahali pa kuliandika hilo. Nimeliandika pembeni kwa penseli.

Daftari tulilonalo limebakiza kurasa kumi na nne. Tumeambiwa mapya bado hayajapelekwa kwa mchapaji.

Wenu katika kazi,
Muuguzi mkunga, kliniki ya wajawazito